Bunduki ya Rangi Iliyovuja Asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika wiki ya kwanza ya Julai, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya banda la mabati lililoko mbele kidogo ya Msalato, kando ya barabara iendayo Arusha, nikiwa nimeshika kipande cha karatasi ya chooni kwa ncha za vidole viwili. Jua lilikuwa halijapanda juu ya migunga, na upepo wa Dodoma, ambao mwezi huo ukishaanza haupoi hadi jioni, ulikuwa bado umelala. Mbele yangu bunduki ya rangi namba nne, ya mchezo wa peintiboli ambao watu hulengana kwa vidonge vya rangi, ilikuwa imebanwa kwenye vaisi, haina risasi ya rangi hata moja, mtutu wake umeelekezwa kwenye ukuta wa tofali. Mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa mahali pake, nyundo imevutwa nyuma, kila kitu kiko kama inavyotakiwa.

Niliisogeza ile karatasi kwa pembeni hadi ikafika mbele ya mdomo wa mtutu.

Karatasi ikapepea.

Haikupepea kwa nguvu. Ilitikisika kidogo, ikatulia, ikatikisika tena, na nilipoiondoa ikaning'inia wima bila kusogea. Nikairudisha, ikapepea. Nyuma yangu alikuwa amesimama kijana anayetunza vifaa vya uwanja ule, sweta amelifunga hadi shingoni, nami nikasubiri aseme neno ambalo alikuwa na haki zote za kulisema. Hakulisema. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Kunyamaza kwake ndiko kulikonikosesha raha tangu siku hiyo, na ndiko kunakonifanya niandike.

Kazi niliyoitiwa

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekula kwa kutafuta mahali gesi inapotorokea, kwanza Dar es Salaam na sasa hapa Dodoma, ambako tangu ofisi za Serikali zihamie kazi ya viyoyozi haikosekani. Mwenye uwanja alinifahamu kwa sababu nilimrekebishia friza, na alipoleta bunduki kumi za peintiboli zilizokwisha kutumika, alizozinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara yake Pwani, na kugundua kwamba saba kati ya hizo zinavuja, alinipigia simu. Mambo ya vibali alikuwa amekwisha kuyamaliza. Alichokuwa anahitaji ni mtu wa gesi.

Nilikubali kwa furaha ya kweli. Ni chombo kizuri kukifungua. Bunduki hizi ni za aina ya zamani, hazina betri wala umeme, ni chuma, springi na mpira tu. Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyokuwa imeshikwa nyuma inaachiwa, inaruka mbele na kugonga pini ya valvu; valvu inafunguka kwa muda mfupi mno, gesi inapita, sehemu yake inasukuma risasi ya rangi kwenda mbele na sehemu yake inairudisha nyundo nyuma ili iwe tayari tena. Risasi yenyewe ni kidonge cha jelatini kilichojaa rangi, chenye upana wa milimita 17 na ushei na uzito wa takriban gramu tatu. Gesi ni kaboni dayoksaidi, ileile iliyomo katika soda na katika baadhi ya mitungi ya kuzimia moto, na ndani ya mtungi mdogo wa bunduki inakaa ikiwa kimiminika.

Nilikuwa nikienda pale alasiri, baada ya kumaliza kazi zangu za mjini. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuliweka.

Sabuni ya mche na maji ya Makutupora

Siku ya kwanza nilipoteza saa mbili kwa jambo ambalo mtu aliyeishi Dodoma muda wote huu hakupaswa kupoteza hata dakika tano.

Njia ya kutafuta mvujo inajulikana na kila fundi: pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungio, kisha utazame wapi panafanya malengelenge. Chupa yangu ya povu ilikuwa imeisha, nikamwomba kijana sabuni, akaniletea kipande cha sabuni ya mche na ndoo ya maji. Nikakoroga na kupakaza kuanzia shingo ya mtungi, nikafuata mpira wa gesi uliosukwa kwa waya, nikaja kwenye kiungio cha valvu na kwenye skrubu za kiwiliwili. Hapakuwa na lengelenge hata moja. Masikioni nilisikia wazi sauti ya gesi ikitoka, *sss*, nyembamba na ya kudumu, lakini macho hayakuona kitu. Nilianza kufikiri kwamba chuma chenyewe kimepasuka mahali nisipopaona, na nilikuwa karibu kumwambia mwenye uwanja kwamba bunduki ile ni ya kuchuna vipuri.

Kilichonizuia ni kuiangalia ndoo. Juu ya maji kulikuwa na utando mweupe kama uji uliopoa, na povu hapakuwa.

Maji ya Dodoma yanachimbwa ardhini, mengi yakitoka Makutupora na Mzakwe, yaani jirani kabisa na pale tulipokuwa, na ni maji magumu. Kila mama wa Dodoma anajua kwamba sabuni ya mche inakwisha haraka kuliko inavyokwisha Morogoro, na kila birika la Dodoma lina ukoko mweupe ndani. Madini yaliyomo katika maji hayo yanaikamata sabuni kabla haijafanya povu na kuigeuza kuwa ule utando, kwa hiyo nilichokuwa nikipakaza kwenye viungio kilikuwa uji wa chokaa usioweza kuvimba hata ukipulizwa kwa chini.

Kijana alikwenda nyumba ya tatu, kwa mama anayetengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa ndoo, akarudi na nusu chupa. Sabuni ile hutengenezwa kwa salfoniki, tindikali ya kutengenezea sabuni ya maji, na haijali ugumu wa maji kama inavyojali sabuni ya mche. Tone la kwanza lilipogusa shingo ya mtungi pakaota shada la malengelenge kubwa kama zabibu.

Nilifurahi mno. Nilidhani nimemaliza kazi.

Oringi yenye malengelenge

Mahali hapo, mdomo wa mtungi unapokutana na bunduki, gesi yote inazuiwa na pete moja ndogo ya mpira: oringi yenye upana wa ndani wa milimita 14 na unene usiofika milimita mbili. Nikautoa mtungi, nikaichokonoa oringi kwa kijiti cha mwanzi, kwa maana chuma kikikwaruza mahali inapokalia utakuwa umejitengenezea mvujo mwingine, nikaiweka kiganjani.

Ilikuwa nyeusi, nene kuliko inavyotakiwa, na upande mmoja ilikuwa na vipele. Nilipoibonyeza kwa ukucha kilisikika kitu kama kumbikumbi akikanyagwa.

Mpira huo mweusi, unaouzwa katika maboksi ya oringi kwenye kila duka la vipuri vya magari, unafaa sana kwa mafuta na kwa hewa ya kawaida. Kaboni dayoksaidi, kwa upande mwingine, huingia ndani ya mpira wenyewe ikiwa na presha kubwa, na siku mtungi unapofunguliwa ghafla, ile gesi iliyofichama ndani ya mpira hutafuta njia ya kutoka na kuupasua kutoka ndani. Mtu aliyekuwa na bunduki hizi kabla yetu alibadilisha oringi kwa kile alichokipata dukani, na simlaumu. Kinachovumilia ni oringi ya poliyurethani, ngumu zaidi, ambayo kwa kawaida ina rangi ya asali au haina rangi. Niliagiza 30 kutoka kwa muuza sili za mitambo ya haidroliki Dar es Salaam, zikaja na basi ndani ya bahasha.

Nilibadilisha zote kumi, za bunduki zinazovuja na zisizovuja. Nikapaka kila moja grisi ya silikoni kidogo tu, nikafunga mitungi, nikapakaza povu. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, na hakuna bunduki hata moja iliyofanya lengelenge. Nilimwonyesha mwenye uwanja, akanilipa, nikaenda zangu.

Siku nne baadaye kijana akanipigia.

"Shikamoo, fundi. Samahani kukusumbua. Namba nne, namba saba na namba tisa bado zinavuja."

"Zinavujia wapi?"

"Mdomoni. Asubuhi nikizifunga."

Nilivyomjibu

Nilirudi alasiri ya siku iliyofuata. Nikafunga mtungi kwenye namba nne, nikasikiliza, nikapakaza povu kila mahali. Kimya. Namba saba, kimya. Namba tisa, kimya. Kijana alisimama pembeni akitazama kwa uso wa mtu anayemleta mgonjwa hospitali na mgonjwa, akishafika mbele ya daktari, akasema hajisikii vibaya tena.

Ili nisionekane nimekuja bure, nilifungua kiungio cha mpira wa gesi, nikazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi zake, nikafunga upya. Sikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Nyuzi zile zilikuwa hazivuji.

Wiki iliyofuata akapiga tena. Maneno yaleyale: mdomoni, asubuhi. Safari hii aliongeza kwamba alikuwa amepima. Mwenye uwanja alinunua mizani ya jikoni kwa ajili ya kujazia mitungi, kwa sababu mitungi hii hujazwa kwa uzito. Ule ulioandikwa 20 ni wakia 20, yaani gramu 567 za gesi, na ukizidisha unatengeneza hatari. Kijana aliupima mtungi wa namba nne alipoufunga saa kumi na mbili, akaupima tena saa tatu kabla wageni hawajafika, na ulikuwa umepungua gramu 140 bila bunduki kufyatuliwa hata mara moja.

Nilikuwa na nambari mkononi, imepimwa kwa mizani, na mtu aliyeipima hakuwa na faida yoyote ya kunidanganya. Bado nilimkatalia.

Nilimkatalia kwa sababu nilikuwa na maelezo yangu tayari. Katika bunduki za aina hii, ukifunga mtungi kabla ya kuivuta nyundo nyuma, springi kubwa inakuwa inaisukuma nyundo dhidi ya pini ya valvu, valvu inabaki wazi kidogo, na gesi inatoka mdomoni. Si ubovu hata kidogo, kwani ndivyo chombo kilivyoundwa. Unavuta nyundo kwanza ndipo unafunga mtungi. Niliposikia neno "mdomoni" nililitambua papo hapo, nikasema, mbele ya mwenye uwanja, kwamba bunduki hazina tatizo na kwamba kijana hafuati utaratibu.

Kijana alisema, "Fundi, huwa navuta."

Nikasema kwamba pengine anasahau.

Juma hilohilo mwenye uwanja alimwondoa kwenye chumba cha vifaa akampa kazi ya kufagia na kupanga matairi uwanjani. Hakunishauri kabla ya kufanya hivyo, lakini maneno aliyoyatumia kumweleza kijana yalikuwa yangu.

Kikohozi cha mbuzi

Jambo lililonirudisha pale asubuhi halikuwa la kiufundi. Nilipita siku moja kuchukua spana zangu za L nilizozisahau, nikamkuta kijana anapanga matairi, nikamsalimu kwa Kigogo kidogo ninachokijua, "Mbukwa," akaitikia kwa heshima kama kawaida yake. Nikakaa naye chini ya mkwaju. Yeye ametoka upande wa Bahi, na kabla ya kuja mjini alichunga mifugo ya baba yake kwa miaka mingi. Kwa kuwa sikujua la kuanza nalo, nilimwuliza habari za mifugo, akanieleza kwamba kwao mbuzi akikohoa, swali la kwanza la baba yake lilikuwa saa ngapi, kwa sababu anayekohoa jioni akirudi zizini mara nyingi ni vumbi la njiani limemshika, na anayekohoa alfajiri, kundi likiwa bado limelala, huyo ndiye wa kumtenga.

Alikuwa akijibu swali nililomwuliza na wala hakuwa akinisema mimi. Lakini nilijisikia uso umepata moto. Mara zote mbili alizonipigia alikuwa amenitajia saa, na mimi sikuwahi kwenda ila alasiri.

Nikamwuliza kama kesho yake ninaweza kuja alfajiri.

Baridi na joto la Julai

Karatasi ilipopepea, nilimwomba kijana afungue mtungi, avute nyundo mwenyewe, afunge tena, nami nikitazama mikono yake. Alivuta, na nyundo ikanasa kwa mlio wake. Alizungusha mtungi polepole, akauacha upumue mara moja, akamalizia. Utaratibu wake ulikuwa safi kuliko wangu. Karatasi ikapepea vilevile.

Kisha tukakaa tukasubiri jua. Nilitaka kuona kwa macho. Saa mbili ilipepea kidogo, na saa tatu na nusu, mabati yakianza kulia kwa joto, ikawa inatikisika kwa vipindi. Saa tano ilining'inia mbele ya mtutu kama karatasi yoyote iliyoshikwa mkononi.

Kaboni dayoksaidi ikiwa kimiminika ndani ya mtungi, presha yake haifuati kiasi kilichobaki kama ilivyo kwa hewa ya tairi, maana inafuata joto. Kwenye nyuzi 15 za Selsiasi ni takriban pauni 740 kwa kila inchi ya mraba. Kwenye nyuzi 30 inapita 1,040. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 na kidogo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hata chini ya nyuzi hizo 15, ilhali mchana jua linawaka. Bunduki ileile, katika siku moja, inaishi chini ya presha mbili zisizofanana. Jambo hili nalifahamu kwa miaka 20, kwa sababu gesi ya friji nayo ni kimiminika kinachofuata joto, na kila siku ninasoma geji nikiwa na kipimajoto mkononi.

Sasa, ndani ya bunduki mlango wa gesi ni valvu yenye sili ndogo ya kikombe, yaani kizibo cha plastiki, na kinachoikandamiza sili hiyo kwenye kiti chake ni springi ndogo pamoja na presha ya gesi yenyewe. Gesi ndiyo inayojifungia mlango. Presha ikiwa kubwa, sili inakandamizwa sana, na hata ikiwa na kovu, kovu linabanwa. Presha ikiwa ndogo, na plastiki imekakamaa kwa baridi, kovu linabaki wazi.

Tuliitoa valvu mchana huohuo, mtungi ukiwa umeondolewa na bunduki imefyatuliwa hewani hadi haina gesi. Nikaikuta sili ina pete ya mkandamizo iliyo safi pande zote isipokuwa sehemu moja, ambapo chembe ya mchanga ilikuwa imezama, nyekundu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ilikuwa ni mchanga wa Dodoma, maana rangi ile siifananishi na mahali pengine. Kijana aliitoa kwa ncha ya mwiba wa mgunga, akaiweka juu ya ukucha wa kidole gumba, tukaitazama wote wawili.

Kwa hiyo kulikuwa na mivujo miwili, na kila mmoja ulikuwa na saa zake. Ule wa shingoni ulitoka wakati wa joto, presha ikiwa kubwa na oringi iliyoharibika ikishindwa kuizuia. Ule wa mdomoni ulitoka wakati wa baridi. Mimi niliusikia wa kwanza, nikauziba, na kwa kuwa niliuziba kweli, nikaamini kwamba umeisha na ule mwingine pia. Kama ningeshindwa kuziba ule wa kwanza, pengine ningeendelea kutafuta.

Jambo la oksijeni

Naliandika hili hapa kwa sababu liliibuka wiki hizohizo na ni la hatari kuliko yote. Gesi ilipoadimika, mtu mmoja alimshauri mwenye uwanja ajaze mitungi kwa oksijeni kutoka kwa wachomeleaji wa Kizota, kwa hoja kwamba gesi ni gesi. Si kweli. Oksijeni yenye presha kubwa ikikutana na mafuta au grisi, ambayo kila bunduki ya namna hii inayo ndani yake, inaweza kuwaka na kulipuka bila cheche. Nilimwambia kwamba akifanya hivyo sitaingia tena kwenye banda lile, na nikamwomba awaambie vijana wote. Alielewa. Vilevile mtungi uliojaa usiachwe juani juu ya bati, kwa kuwa ukipita nyuzi 31 kimiminika chote kinageuka gesi na presha inapanda kwa kasi, hasa kama ulijazwa kupita kiasi.

Kilichofuata

Nilikwenda kwa mwenye uwanja siku ileile. Nilimweleza kwamba bunduki tatu zilikuwa na ubovu wa kweli, kwamba kijana aliueleza ubovu huo kwa usahihi mara mbili na akaupima kwa mizani, na kwamba kosa la kutokumsikiliza lilikuwa langu. Sikuona haja ya kulipamba. Alikaa kimya kidogo, kisha akamwita kijana, akamkabidhi ufunguo wa chumba cha vifaa mbele yangu. Nilimrudishia pia fedha ya safari ya pili, ile ya tepu nyeupe.

Kwa kijana mwenyewe ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwomba radhi tukiwa wawili. Alisema, "Yameisha, fundi," kwa haraka, kama mtu anayetaka mzee asiendelee kujishusha, na haraka hiyo ndiyo imenisumbua kuliko kama angekasirika. Alikuwa amezoea. Nilipofikiri ni mara ngapi, kwa miaka yangu yote ya ufundi, mama mwenye nyumba ameniambia kwamba friji inalia usiku tu, nami nikamjibu kwamba friji haijui usiku, nilihisi kuna watu wengi wanaonidai msamaha na siwajui hata wanaishi wapi.

Sili nzima tuliipata kwa kuichuna bunduki namba kumi, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa na ufa tangu ilipoletwa na haikufaa kutumika. Ilitosha bunduki moja; za zile nyingine mbili tulizigeuza, upande wa nyuma ukiwa bado bapa, na zimekubali hadi leo. Mipira yote ya gesi sasa inafunikwa kwa vizibo ikiwa haina mtungi, ili vumbi lisiingie.

Kuna jambo ambalo nililisoma baadaye, na nilipomsimulia kijana lilimfurahisha kuliko yote. Chombo hiki hakikuundwa kwa ajili ya mchezo. Katika miaka ya 1970, kampuni ya rangi ya Marekani iitwayo Nelson iliagiza kwa Daisy, watengenezaji wa bunduki za hewa, bunduki ya kurusha rangi, ili watu wa misitu waweke alama kwenye miti bila kuifikia, na wafugaji waweke alama kwenye ng'ombe wakiwa mbali. Ndipo tarehe 27 Juni 1981, huko Henniker katika jimbo la New Hampshire, watu 12 walipoingia msituni wakiwa na vifaa hivyo na kuwindana kwa mchezo. Kijana alicheka sana kwa habari ya ng'ombe. Kwao alama ni chuma cha moto au kukata sikio, na siku hizi hereni. Aliniuliza rangi hiyo hudumu kwenye ngozi kwa siku ngapi, na kama ng'ombe hashtuki, na alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayepanga matumizi.

Siku hizi kwenye mlango wa chumba cha vifaa kuna daftari limefungwa kwa kamba. Kila bunduki ina ukurasa wake: uzito wa mtungi, mahali pa mvujo, saa, na kama jua limetoka au bado. Mwandiko ni wa kijana. Jumamosi iliyopita nilikuta ameandika kuhusu namba mbili: "Kiungio cha mpira, saa nane mchana, baada ya kufyatua mfululizo, pana barafu." Nilijaribu saa tano, sikuona kitu.

Niliiweka bunduki chini, nikamwambia nitasubiri hadi saa nane.